Beti Tatu za Wimbo wa Atu

Sote tuliofanya naye kazi tulimwita Mwalimu, na sidhani kama wengi wetu tuliwahi kujiuliza ana jina gani lingine. Hata supavaiza wetu, Mwingereza ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa neno hilo moja, alimwita hivyo akiamini ndilo jina la ubatizo. Alikuwa amefundisha Kiswahili sekondari huko Mbeya kwa miaka mingi. London ikampa ufagio na ndoo. Sikumsikia akilalamika, lakini kufundisha hakuacha, na sisi tuliosafisha naye ofisi alfajiri ndio tukageuka darasa lake, tupende tusipende.

Nilimjua kwa miaka kumi na mitatu. Kati ya hiyo, kumi na mmoja aliishi akingoja jambo moja tu: binti yake wa pekee, Atupele, ambaye wote tulimwita Atu, arudi nyumbani. Nalisema hili mapema kwa sababu mengine yote nitakayoyaeleza, hata ya kuchekesha, yalikuwa namna yake ya kungoja. Nami nilingoja naye, na nakiri kwamba nilichoka kabla yake.

Nianze na mavazi, maana yeye angeanza na hayo. Alikuwa na suti mbili za mikono mifupi, za kijivu, zile walizokuwa wakivaa viongozi wetu wa zamani, na alizipiga pasi mpaka mstari wa suruali ukasimama wenyewe. Saa kumi na moja alfajiri, Januari, baridi inakata masikio, utamwona anashuka kwenye basi na koti lake zito limeachwa wazi kifuani ili suti ionekane. Kalamu mbili mfukoni. Akifika anaingia kwenye stoo ya mafagio, anavua suti, anaitundika kwenye hanga aliyokuja nayo mwenyewe, anavaa ovaroli ya bluu kama sisi. Shifti ikiisha anavaa tena suti yake, anapanda basi, anarudi kulala.

"Mwalimu, nani anakuona saa hizi?" nilimuuliza siku za mwanzo.

"Dada, nguo ni salamu. Mtu anakusikia kabla hujafungua mdomo."

Mimi nilikuwa natoka nyumbani na ovaroli ndani ya koti na kitambaa cha kulalia kichwani. Nguo zangu za miaka ile hazikumwambia mtu lolote isipokuwa kwamba nimechoka.

Kuhusu salamu zenyewe alikuwa mgumu kama jiwe. Mdogo ndiye anayeanza, mkubwa anaitikia. Kulikuwa na kaka mmoja Mkongomani kwenye timu yetu, mtu wa Bukavu, mchangamfu, ambaye alimsalimu siku ya kwanza, "Jambo papa!" Mwalimu akasimama na ufagio mkononi, akangoja. Yule kaka akarudia, "Jambo papa, habari ya asubuyi?" Mwalimu akangoja. Ikabidi nimnong'oneze kaka wa watu kwamba huyu anangoja shikamoo. Akacheka, akaitoa. "Marahaba," akasema Mwalimu, akaendelea kufagia pale pale alipoachia. Tangu hapo Mkongomani alimwamkia kila siku kwa sauti ya gwaride, nusu heshima nusu utani, na Mwalimu aliupokea ule utani kama vile hauoni.

Hakuwa mtu mbaya. Ukiumwa mgongo, ulikuta korido yako imeshafutwa na huulizwi lolote. Alipika maharage ya nazi nyumbani akayaleta kwenye kopo la aiskrimu, akatugawia kabla hajaonja. Lakini kusema neno "samahani" hakuweza. Siku moja alinimwagia maji ya sabuni kwenye viatu, akaenda kununua viazi vya kukaanga, akaniwekea mbele yangu bila kunitazama. Viazi ndivyo vilikuwa samahani. Ukimjua unakula, unanyamaza.

Sasa nije kwenye ile Jumapili.

Ibada yetu ya Kiswahili ilikuwa saa saba na nusu mchana, kwenye ukumbi wa kanisa la kuazima huko Wembley, tukishapisha Waingereza na kabla ya Waghana kuingia. Mke wa Mwalimu alifariki kabla hawajaja Uingereza, na Atu alilelewa na baba peke yake tangu akiwa na miaka minane. Siku ile alikuwa na kumi na saba. Mwalimu alikuwa amepewa kusoma matangazo kwa mara ya kwanza, na kwa wiki nzima alituchosha kazini akiyasoma matangazo ya kupanga viti na zamu za usafi kana kwamba ni hotuba ya bungeni.

Akiwa katikati ya kusoma, mlango ukafunguliwa, Atu akaingia. Alivaa soksi ndefu nyeusi zilizochanika magotini, mabuti ya jeshi, na shati la kiume lililokatwa mikono na kuandikwaandikwa kwa wino. Midomo aliipaka rangi nyeusi. Akaja taratibu kwenye viti vya mbele.

Mwalimu akashusha karatasi. Kisha akasema, mbele ya watu wote: "Atupele, toka nje. Ukirudi, rudi umevaa nguo za mtu."

Atu akasimama pale pale. Hakulia. Akasema, "Baba, naomba niseme kitu."

Na baba yake akainamisha macho kwenye karatasi, akaendelea na tangazo la viti.

Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Nilikuwa naweza kuinuka, nikamshika yule mtoto mkono, nikatoka naye. Sikuinuka. Wala hakuna mwanamke mwingine aliyeinuka. Sote tulitazama matangazo.

Atu alikwenda kwa rafiki yake kule Woolwich, ng'ambo ya mto, ambaye wazazi wake, Waingereza, walimpa chumba. Alirudi nyumbani mara moja tu, baba akiwa kazini, akachukua vitu vyake, akaandika namba ya simu ya pale alipo kwenye kalenda ya jikoni. Namba kubwa, inayosomeka. Mwalimu aliitazama kila asubuhi akichemsha chai. Mwaka ulipokwisha hakuitupa ile kalenda. Ilibaki ukutani, mwezi ule ule.

"Si umpigie?" nilimwambia, sijui mara ngapi.

"Dada, mdogo ndiye anayeanza."

"Namba amekuachia. Huko ni kuanza."

"Namba si salamu."

Sasa kaseti. Alipokuwa anafagia chumba cha Atu, chini ya kitanda, akakuta kaseti isiyo na jina. Upande mmoja mzima ulikuwa wimbo mmoja, umerekodiwa mara tisa mfululizo. Wimbo wa roki, wa magitaa yanayokoroma na mwimbaji anayefoka kama amefungiwa nje ya nyumba yake. Mtu mwingine angeitupa. Mwalimu akawaza kialimu: mtu harekodi kitu mara tisa ila kina maana. Akaamini kwamba binti yake amemwachia pale maelezo yote, na kazi yake ni kuyahakiki.

Akatafuta wokmeni, akaivaa kiunoni juu ya ovaroli, akawa anapiga huva, ile mashine ya kufyonza vumbi, kwenye korido za ofisi za watu huku magitaa yanamkorogea masikio. Kwa kuwa mwenyewe hajisikii, aliimba kibwagizo kwa sauti kubwa, kwa lafudhi ya Mbeya, nje kabisa ya muziki. Kaka wa Bukavu alikuwa anazima huva yake kusudi amsikilize, machozi ya kicheko yanamtoka.

Maneno yalimchukua miezi. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabuni, na yule mwimbaji alikuwa anakitafuna. Alimvalisha supavaiza spika za masikioni amsaidie. Supavaiza akasikiliza, akatikisa kichwa. "It's just a song, Mwalimu."

"Hakuna wimbo ambao ni wimbo tu," Mwalimu akamjibu, kwa Kiswahili, na hakujali kama ameeleweka.

Mwisho akayapata yote. Beti tatu na kibwagizo. Ubeti wa kwanza, kijana anapewa shati jeupe na watu wa nyumbani kwao, anaambiwa alitunze. Ubeti wa pili, analichana mikono, analiandika kwa wino, anashonea viraka vya rangi zisizopatana, anatoka nalo barabarani. Ubeti wa tatu, watu wanamcheka, na yeye anawaambia: basi nisomeni, maana kusikiliza mmekataa.

Akanunua daftari la mistari. Yeyote aliyesoma sekondari kwetu anajua lilivyopangwa: Fani upande mmoja, Maudhui upande mwingine. Dhamira kuu. Dhamira ndogondogo. Migogoro. Ujumbe. Falsafa ya msanii. Wakati wa mapumziko tulikaa kwenye ngazi za nyuma na chai zetu, naye ananisomea. Wimbo wa vijana wenye nywele zisizochanwa, umekaa kwenye daftari kama shairi la mtihani wa kidato cha nne. Nilicheka mwanzoni. Baadaye nikaacha, kwa sababu niliona anavyonitazama baada ya kila aya, kama mtu aliyempeleka mgonjwa hospitali na anasubiri daktari aseme neno.

Mwaka wa kwanza dhamira kuu ilikuwa utovu wa nidhamu. Shati jeupe ni malezi, alisema, na kulichana ni kuyakataa malezi. "Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilichelewa."

"Alikuwa na miaka minane alipofiwa na mama yake, Mwalimu. Ulitaka umkunje lini?"

Akafunga daftari. Wiki nzima hakunisomea.

Mwaka wa pili au wa tatu alikuja asubuhi moja uso unang'aa, hata suti hajaivua. "Dada, nilikosea. Angetaka kulikataa shati angelitupa. Amelichana, lakini amelivaa! Unaona? Amelifanya la kwake." Akafuta "utovu wa nidhamu" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika "ukombozi."

Na hapo, nisimnyime haki yake, akabadilika kweli. Kaka wa Bukavu alikuwa na suti ya njano ya kung'aa na viatu vya ngozi ya nyoka, alivyovivaa Jumapili, na Watanzania wenzangu walikuwa wanamcheka kwamba anasafisha vyoo wiki nzima halafu anavaa kama waziri. Mwalimu wa zamani angeongoza kicheko. Huyu akasimama nje ya ukumbi akawaambia, "Msimcheke. Msomeni." Kulikuwa na kijana wa Kihindi pale Queensbury, mtoto wa mwenye duka ambako tulinunua unga na dengu, aliyetoga pua na nyusi. Baba yake, mzaliwa wa Kisumu, akamlalamikia Mwalimu kwa Kiswahili, "Angalia huyu toto yangu, Mwalimu, angalia sura yake hii!" Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba kijana huenda ana neno na hajapewa nafasi.

Nilikuwa nimeshika mfuko wa unga. Nilitamani kumpiga nao. Aliwasamehe waliovaa vibaya London nzima, na simu ya jikoni kwake hakuiinua.

Ubeti wa tatu hakuugusa. Kurasa zake kwenye daftari zilikuwa na kichwa cha habari tu, kimepigiwa mstari, na chini yake nafasi tupu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema bado anatafuta mifano. Nilijua anachokikwepa, naye alijua kwamba najua.

Kuna siku moja ya kiangazi nisiyoisahau. Wikiendi tulikuwa tunachukua shifti za ustiwadi kwenye uwanja wa Wembley, tunavaa makoti ya rangi ya machungwa na kuwaelekeza watu kwenye viti vyao. Ikajulikana kwamba bendi yenye ule wimbo inakuja. Mwalimu akajiandikisha wa kwanza, akaniandikisha na mimi bila kuniuliza.

"Atakuwepo," alisema. "Mtu aliyerekodi mara tisa hawezi kukosa."

Ustiwadi una sheria moja kubwa: unasimama umeligeuzia jukwaa mgongo. Uso wako uko kwa watu, unaangalia nani anazimia, nani anasukumana. Hivyo mtu yule, aliyeusikiliza wimbo ule miaka minne, alisimama hatua hamsini kutoka kwa mwenye wimbo, akampa mgongo. Jua la Juni lilikuwa bado juu. Wimbo wenyewe ulipoanza uwanja mzima ulilipuka. Mimi niligeuka, nasema kweli, nikaibia kidogo. Yeye hakugeuka. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno, na macho yanapita uso kwa uso, safu kwa safu, polepole, kama anaita mahudhurio.

Tulipokuwa tunarudisha makoti nilimuuliza kama ameona chochote.

"Nimeona watoto elfu na elfu," akasema. "Kila mmoja amevaa anavyotaka, na wote wamevaa sawasawa. Ni sare tu, dada. Ila hii hawakulazimishwa." Akakunja koti lake vizuri, akalipanga juu ya mengine. "Labda alikuwa upande ule mwingine."

Nilimshika bega. Miguu iliniuma na nilimhurumia mpaka nikamkasirikia.

Miaka ikaenda. Mimi nilihamia Woolwich, nikaacha ufagio, nikaingia kwenye kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Kaka wa Bukavu akapata kazi ya basi. Mwalimu akastaafu kwenye fleti ndogo ya kaunsili, yaani ya halmashauri, kule kule Wembley, na kalenda yake akaihamisha. Mimi ndiye niliyemsaidia kufungasha, na siku ile ile niliinakili ile namba nyuma ya risiti nikaitia kwenye pochi. Nilijiambia naitunza kwa dharura. Ilikaa humo miaka mingine mitatu, nikapita mitaa ya Woolwich kila siku huku mwenye namba akiishi labda mtaa wa pili, na sikuipiga. Nilijiambia si yangu. Tabia ya Mwalimu ilikuwa inaambukiza.

Halafu akapata kiharusi, kidogo, kikamchukua mkono wa kushoto. Nilikwenda kumwona mara moja kwa mwezi, treni mbili na basi. Mara moja nilimkuta amejifunga vifungo vya suti vibaya, kimoja kimepandiana juu ya kingine, naye hajui. Nilivifungua nikavifunga upya, na yeye akatazama dirishani. Nikiwa kwenye treni ya kurudi nikatoa ile risiti. Sitaki nisifiwe kwa hekima. Nilichoka tu.

Simu ilipokelewa na mama wa Kiingereza, mzee sasa, akanipa namba ya Atu.

"Amekufa?" ndilo lilikuwa neno la kwanza la Atu nilipomwambia mimi ni nani.

"Hajafa. Ameugua. Anaendelea."

"Anajua umenipigia?"

"Hajui."

Nikasikia watoto wa mtu wanacheza nyuma yake. "Okay, anti. Nitakuja Sunday."

Nilimwambia Mwalimu Jumamosi, ili asipate muda mrefu wa kuogopa. Jumapili nilifika saa nne asubuhi nikakuta ameshanyoa, amejikata kidevuni. Nilimvalisha suti. "Hata akija na ile midomo myeusi," aliniambia wakati namfunga kola, "sitasema neno. Hata akija na mabuti." Alikuwa amejiandaa kwa kila namna ya nguo. Daftari lilikuwa mapajani, na niliona kwamba zile kurasa za ubeti wa tatu sasa zimejaa, kwa mwandiko uliopinda wa baada ya ugonjwa.

Kengele ikalia, nikafungua. Mwanamke wa miaka ishirini na minane, koti la bluu bahari, suruali nyeusi, viatu bapa, kitambulisho cha kazi bado kiko shingoni. Ungempita stesheni mara mia usimkumbuke. Nilimwona Mwalimu akimtazama kuanzia chini mpaka juu, anatafuta mahali pa kuanzia kusoma na hapaoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema. Na hapo akakwama. Miaka kumi na mmoja aliingoja ile shikamoo, na ilipokuja ikamalizika kwa neno moja, hana jingine nyuma yake.

Basi akafungua daftari. "Nimeuhakiki wimbo wako," akasema, na akasoma, kidole cha mkono mzima kikifuata mstari: "Ubeti wa tatu. Msanii anaonyesha kwamba mtu huvaa maneno yake pale anaponyimwa nafasi ya kuyasema. Kosa si la aliyevaa. Kosa ni la yule aliyeombwa kusikiliza, akaendelea kusoma." Nilielewa kwamba hii ndiyo samahani, kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mtu, na nilimwomba Mungu Atu naye aielewe.

Atu alinitazama mimi, kisha baba yake. "Wimbo gani?"

Mwalimu akaimba kibwagizo. Alikiimba chote, mdomo umeegemea upande mmoja, macho ameyafumba.

"Oh," akasema Atu. Akakaa ukingoni mwa kiti. "Dad, ile tape haikuwa yangu. Ni ya Kelly, yule rafiki yangu wa Woolwich. Nadhani ilianguka kutoka mfuko wa lile shati, siku niliyokuja kuchukua vitu vyangu. Mimi hata sikuupenda huo wimbo, it gave me a headache."

"Na shati?"

"La Kelly. Zote zilikuwa za Kelly, soksi, boots." Aliongea polepole, anachagua Kiswahili chake neno kwa neno. "Ile Jumamosi nililala kwao. Ilinyesha sana, gauni langu likalowa, asubuhi bado lilikuwa bichi. Mama yake alisema nikae tu mpaka likauke. But it was your first time, baba. Matangazo. Sikutaka nikose."

Mwalimu akaondoa kidole kwenye mstari.

"Na midomo?" akauliza, taratibu sana.

"Tulikuwa tumechezea make-up usiku. Ilikataa kutoka." Atu akajaribu kucheka, akashindwa. "Ndiyo nilitaka kusema. Kwamba nguo zimelowa. That's all."

"Kwa nini hukuniambia baadaye?"

"Nilikuwa na hasira. Halafu mwaka ukapita, halafu mwingine. Ilikuwa kitu kidogo sana, baba, niliona aibu kurudi na kitu kidogo hivyo." Akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Nilidhani utapiga simu."

Nilisimama mlangoni mwa jiko nimeshika birika, na sikujua niliweke wapi. Nililia, na sikujificha. Nilimlilia msichana aliyetoka na nguo za watu kwenye mvua ili asikose kumsikia baba yake akisoma zamu za usafi. Nilijililia na mimi wa safu ya tatu.

Mwalimu alikuwa anaangalia daftari. Akarudi ukurasa wa kwanza, akafunua moja moja mpaka wa mwisho: utovu wa nidhamu uliofutwa, ukombozi, mifano, falsafa ya msanii. Kisha akanyoosha mkono kwangu. "Dada, kuna kalamu nyekundu kwenye ile droo."

Nikampa. Akaegemeza daftari kwenye goti, akalishikilia kwa kiwiko cha ule mkono mbovu, akaandika kitu chini ya mstari wake wa mwisho, kama anasahihisha kazi ya mwanafunzi. Ilimchukua muda. Alipomaliza akampa Atu, mikono miwili, kama unavyompa mtu mkubwa kitu.

Atu akalikodolea macho. Kiswahili cha kusoma kilimwishia akiwa darasa la pili. "Anti, ameandika nini?"

Nikasogea nikasoma. "Ameandika, 'Hukujibu swali. Sifuri. Rudia.'"

Atu hakumtazama baba yake, wala baba hakumtazama yeye. Alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akaja akachukua birika mikononi mwangu.

"Sunday ijayo niko off," akasema.